Watumaji Wawili

Deusi alinipigia simu Jumanne asubuhi, kabla sijafungua kompyuta. Deusi huwa hapigi, huandika, kwa hiyo nilijua kuna mtu amefariki kabla hajatamka neno. Alikuwa Mama Editha wa Ntobeye. Amezikwa jana, alisema, na tanga linaondolewa Jumamosi. Kisha akanyamaza, na mimi papo hapo nikaanza kuutilia shaka ukimya wake. Ananisubiri niseme nitakwenda? Ananipima kama bado nakumbuka? Au ameshawaambia watu? Ndivyo nilivyo. Mtu akinyamaza kidogo mimi ninazo sababu nne, na zote mbaya. Nilimwambia nitakuja, nikakata simu, nikakaa ukingoni mwa kitanda hapa Mwanza, na ule mwaka ukarudi. Haukurudi kwa mpangilio. Ulirudi kwa neno moja la kijani lililokuwa likitokea kwenye kioo cha kompyuta: UMETUMWA.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ya nyumbani nayaacha. Inatosha kusema nilikulia Biharamulo mjini na kazi ya kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kitabu nilichonakili kwenye flashi kikiwa kimekosa sura mbili, na kwa video nilizopakua kwa bando la wengine. Sikuwa na cheti. Kila asubuhi niliingia kazini kama mtu aliyepanda basi bila tiketi, nikimwangalia kila mtu usoni nione kama ndiye kondakta. Nilikuwa na daftari dogo ambalo leo naona aibu kulitaja. Ndani yake niliandika makosa, yangu kwa kalamu ya bluu, ya Deusi kwa nyekundu. Yangu niliyafuta nilipoyarekebisha. Ya Deusi niliyaacha.

Deusi ndiye alikuwa mwenzangu pekee wa kazi hiyo. Shirika letu lilikuwa dogo, la kugawa pingili safi za muhogo kwa wakulima ambao mashamba yao yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa batobato. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, zamani stoo ya sabuni, na sabuni haikuwahi kutoka ukutani. Mvua ikinyesha chumba kilinuka kama nguo zilizolowekwa tangu jana. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa fundi cherehani, na tulisikia maneno yote ya wateja wake: nani amenenepa, nani amemsingizia nani, nani ameleta kitambaa cha mtu mwingine akasema ni chake. Nilisikiliza sana. Nadhani nilijifunza pale kwamba watu wakisema neno mara tatu linakuwa kweli. Saa saba mama mmoja alituletea ndizi na dagaa kwenye hotpoti, tukala juu ya meza zilezile za kazi. Mimi nilifunika kibodi yangu kwa kanga. Deusi hakufunika yake, na mchuzi ulishaingia, herufi ya N ilikuwa inanata. Hilo nalo nililiandika kwa nyekundu.

Programu yetu ilikuwa na kazi moja ya maana. Lori lilipopangiwa kubeba pingili kutoka kitaluni Kaniha, programu ilimtumia mwakilishi wa kata husika ujumbe wa simu siku mbili kabla: lori linakuja siku fulani, waambie watu. Mwakilishi alitangaza kanisani au msikitini, au alipeleka neno kilima kwa kilima, na watu wakaja wakachukua mafungu yao siku hiyohiyo. Pingili haingoji. Ikilala juani siku kadhaa macho yake yanakauka na inabaki kuni. Deusi aliandika sehemu ya wilaya ya Biharamulo, mimi nikaandika ya Ngara, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa mwaka ule.

Sasa nieleze kosa, na nitalieleza polepole kwa sababu nimelificha muda mrefu. Katika programu za namna ile, sehemu moja haijitengenezei vifaa vyake. Sehemu yangu ilisema tu: nahitaji mtumaji wa ujumbe. Programu ilipoamka ilipita kwenye vipande vyake vyote, vile ambavyo mafundi wa Java huviita bean, ikamtafuta aliye mtumaji, ikanikabidhi. Raha yake ndiyo hiyo, huulizi ametoka wapi. Mwanzoni mtumaji alikuwa mmoja, aliyeandikwa na Deusi, ambaye alipeleka ujumbe kweli kwenye kampuni ya simu. Mimi nikaandika wa pili, wa majaribio. Huyu hakutuma popote. Aliuandika ujumbe kwenye faili, akarudi na jibu kwamba kazi imekwisha, ili niutazame ukurasa wangu ukiwaka kijani bila kuwasumbua wakulima. Rangi ile ya kijani niliitafuta kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria jambo lingine lolote.

Nilipoiwasha, programu iligoma. Ilihitaji mmoja, imekuta wawili, haijui inipe yupi. Deusi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani, alisema nitaje jina la ninayemtaka. Yeye sehemu yake yote aliiandika hivyo: mbele ya kila ombi jina la mtumaji, kwa alama ya @Qualifier, hata siku zile mtumaji alipokuwa mmoja tu. Mimi niliona ni uchafu, kama mwanamume anayemwita mkewe kwa majina matatu ndani ya nyumba yao wenyewe. Kulikuwa na njia fupi na safi, neno moja, @Primary, unalibandika juu ya kipande kimoja na maana yake ni hii: asiyetaja jina, mpeni huyu. Nililibandika juu ya mtumaji wa majaribio. Jioni nitalitoa, nilijiambia. Programu ikaamka, ukurasa ukawaka kijani, na nikaufurahia mpaka nikasahau. Watu hudhani makosa kama haya huja kwa uzembe. Langu lilikuja kwa kuridhika, na hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Lori la kwanza la Ngara lilikwenda Ntobeye mvua za vuli zilipoanza. Dereva alikuta kimya. Alisubiri, akapiga honi, akashusha mafungu kwenye banda la ofisi ya kata akaondoka, kwani alikuwa na safari nyingine. Waliochukua ni wale wanaoishi jirani na banda, walioliona lori kwa macho yao, na kwa bahati mbaya hao walikuwa shemeji na wadogo wa Mama Editha, mwakilishi wetu. Yaliyobaki yalikauka. Alipoulizwa alisema hakupata ujumbe wowote. Mratibu wetu, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti chako bila kusema, alinijia nimwonyeshe. Nikamfungulia ukurasa. UMETUMWA, tarehe, saa, namba ya simu. Lori la pili likawa hivyohivyo. Huku upande wa Deusi, kule Kaniha kwenyewe na kata nyingine, ujumbe ulikuwa unafika na watu wanajaa barabarani kabla ya lori. Programu ni moja, tulisema. Basi tofauti ni watu.

Nawaza mara nyingi ilivyokuwa rahisi. Kwanza nilimshuku Deusi, kwamba ameichezea sehemu yangu ili nionekane sifai. Siku alipokwenda msibani niliipekua kazi yake kutwa nzima, sikuona kitu, na nilikasirika kwa kutokuona. Kisha nikaushuku mtandao, maana Ngara ni mpakani na simu hudaka minara ya ng'ambo. Mwisho nikafika kwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nilimsikia mratibu akiongea kwa simu nje ya mlango, akimwambia mtu kwamba watu wa kule wamezoea misaada tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco na wanajua kuficha. Mimi sikuwa hata nimezaliwa enzi hizo. Lakini niliipokea kauli ile kama ushahidi, kwa sababu ilinitoa mimi. Nikachapa ripoti ya kumshuku Mama Editha, kurasa mbili, nikazibana kwa pini kwenye kona, nikampelekea mratibu kabla hajaomba. Ikaamuliwa kuwa Ijumaa utafanyika mkutano Ntobeye, Mama Editha aondolewe uwakilishi mbele ya watu wake. Jumatano nikatumwa mimi kwenda kuikagua simu yake, nione kama amefuta ujumbe.

Kulikuwa na ukungu juu ya vilima nilipopita Benaco, na kabla sijafika simu yangu ilishanikaribisha nchi mbili ambazo sikuwa nimeingia. Mama Editha alikuwa mlangoni, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miguu mikubwa ya mtu wa shamba. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekuja na njaa au na maswali?" Nikamwambia vyote. "Basi njaa kwanza."

Sebule yake ilikuwa na viti vinne vya mbao, kalenda ya parokia, na picha ya bintiye Editha akiwa na sare ya sekondari. Kupitia mlango wa nyuma niliona jiko, na kando ya jiko pingili za muhogo zimepangwa kama kuni. Moyo ulinidunda kwa furaha mbaya. Hizo hapo, nilijiambia. Aliniona ninapotazama. Alisema ndizo zinazoivisha chai yangu. Zilikauka pale bandani, naye alizibeba kichwani mwenyewe, safari tano, kwa sababu aliona aibu watu wazione zikioza. "Sasa wanasema nimeziiba," alisema, akaichochea moja ndani zaidi. Nilikula viazi vitamu vyake na kunywa chai yake ya maziwa, na katika daftari, chini ya meza, niliandika kwa nyekundu: pingili nyumbani kwake.

Simu aliitoa kifuani bila kuulizwa mara mbili, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Niliipekua yote. Kulikuwa na matangazo ya kampuni ya simu, salamu za rambirambi, makaribisho ya nchi jirani, na ujumbe mwingi wa Editha akiomba sabuni na kusema anaogopa mtihani wa hesabu. Nilisoma hadi huo, ambao haukunihusu. Wetu haukuwapo hata mmoja. Nikamuuliza kama ameufuta. Aliniuliza kufuta kunafanywaje. Sikumwamini. Mtu anayeuliza hivyo, nilijiambia, ndiye anayejua.

Akasimama mlangoni akapaza sauti kuelekea migombani. "Yozefa wa kwa Bernado! Mwenye kinu!" Alitaka kutwanga kitu cha kunifungia nirudi nacho. Kwa ule udadisi wa mpelelezi nikamuuliza kwa nini asiite Yozefa tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria ina mfuniko.

"Hapa tuna Yozefa wawili. Ukiita jina tupu, anakuja aliye karibu."

"Na akija?"

"Anakuja kweli. Anaitika vizuri, anakaa, anakunywa chai yangu." Alicheka kidogo. "Kinu hana."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sehemu yangu nayo iliita mtumaji kwa jina tupu, na nikamkumbuka yule wa majaribio. Nilitoka uani nikampigia Deusi, nikamwomba atume ujumbe kwa namba ya Mama Editha kutoka sehemu yangu, ile ya Ngara. Akabonyeza. "Imeandika umetumwa," alisema. Simu ya vitufe ilikuwa mkononi mwangu, kimya kama jiwe. Tukangoja. Nikamwomba atume tena, safari hii kutoka sehemu yake. Simu ikalia kabla hajamaliza kuniambia amebonyeza. Alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na huo ndio ukimya uleule niliousikia tena Jumanne hii.

Mama Editha alikuwa amesimama nyuma yangu. Mtu mwingine angesema pale pale. Mimi nilisema, "Mama, kuna tatizo kwenye mfumo."

"Tatizo la nani?"

"La mfumo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi Ijumaa uwaambie."

Alhamisi nililitoa lile neno, @Primary, nikaandika jina la mtumaji ninayemtaka mahali pote palipohitaji, kama Deusi. Mabadiliko ya programu huwekwa kwenye kumbukumbu, kila badiliko na jina la aliyelifanya, tangu la kwanza. Deusi aliisoma kumbukumbu ile akila. Alisema neno moja, "Nimeona," akarudi kwenye dagaa wake. Miezi mingi iliyofuata nilimwangalia kwa pembe ya jicho nikingoja atamke mbele ya mratibu. Hakutamka. Nikamshuku hata kwa hilo, kwamba ananiwekea akiba.

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya kata. Mratibu alinipa nafasi. Nilikuwa nimeandika nitakachosema na kukisahihisha mara saba, na kila nilipokisahihisha mimi nilitoka ndani yake kidogo zaidi. Nilichosoma ni kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, hitilafu imerekebishwa, mwakilishi ataendelea. Nikasikia makofi machache ya adabu. Kisha Bernado, yule jirani, mzee mwenye mdomo mwepesi, akauliza kutoka nyuma, "Huo mfumo una shemeji hapa Ntobeye?" Uwanja wote ukacheka. Mama Editha hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, ananitazama, na nilielewa kabisa anachongoja. Ningesema sentensi moja yenye jina langu ndani yake, na kicheko kile kingegeuka kikaniangukia mimi ambaye kingenipita kama mvua, kwa kuwa jioni ile ningerudi Biharamulo. Yeye ilimbidi aendelee kuishi pale. Nilitazama karatasi yangu mpaka mratibu akafunga mkutano.

Aliendelea na uwakilishi kwa jina tu. Malori yaliyofuata yalifika na ujumbe wake ulifika, naye alitangaza, lakini niliambiwa watu walikuwa wanauliza kwanza kwa mtendaji wa kata kama ni kweli. Kabla ya mwaka kuisha aliandika barua ya kuacha, mistari miwili, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na akaishia vizuri. Mratibu aliisoma kwa sauti ofisini, akasema mnaona. Mimi nilikuwa nimefunika kibodi. Muda mfupi baadaye nilipata kazi Mwanza. Kwenye usaili waliniuliza nieleze tatizo gumu nililowahi kulitatua, nikawaeleza la watumaji wawili, jinsi nilivyoligundua kwa kupima upande mmoja na kisha upande wa pili. Walipendezwa sana. Sikutaja nani alikuwa amelisababisha, na hawakuuliza.

Jumamosi hii ya tanga nilifika Ntobeye nikakuta wanawake wamekaa uani wanamenya ndizi. Nikapewa kisu na nafasi kwenye mkeka. Hakuna aliyenitambua, na nakiri nilifarijika. Wawili waliokuwa mbele yangu walikuwa wanamsifu marehemu: mtu wa watu, mchapakazi, alimsomesha binti peke yake mpaka ualimu. Mmoja akasema, "Ni yale ya pingili tu." Mwenzake akasema, "Yale tumwachie Mungu." Wakaendelea kumenya. Ilikuwa imepita miaka sita. Lori lile la pingili, na bado lilikuwa limeegeshwa mlangoni pake, siku ya tanga lake.

Nikasema. Sauti ilikuwa ndogo ikabidi nirudie. Niliwaambia hakupata ujumbe, kwamba haukuwahi kutoka Biharamulo, na kwamba aliyeuzuia ni mimi, kwa neno nililolibandika mahali nikafurahi nikalisahau, na kwamba nililijua tangu Jumatano ya wiki ile. Visu vilisimama. Mwanamke mzee aliyekuwa pembeni yangu aligeuka akanitazama vizuri. Alikuwa Yozefa, wa kwa Bernado.

"Wewe ndiye yule binti wa kompyuta," alisema.

"Ndimi, mama."

"Ukangoja mpaka asikusikie."

Niliweka kisu chini. Mtu alikwenda kumwita Editha. Alikuja na kanga nyeusi kichwani, mrefu kuliko mama yake, akanisikiliza nikirudia yote amesimama. Hakulia wala hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo mawili. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule na kalamu. Alisema niandike yote, kesho yatasomwa kanisani baada ya misa, kwenye matangazo, palepale mama yake alipokuwa akitangaza malori.

Nilikaa kwenye kiti kimoja cha vile vinne. Nilichana karatasi ya kwanza kwa sababu ya mwandiko, na ya pili kwa sababu ya mpangilio. Ya tatu nikampa. Aliisoma kama wanavyosoma walimu, kalamu nyekundu tayari mkononi, na kwenye mstari wa nne akasimama. Akazungusha duara.

"Hapa umeandika mfumo ulikosea."

Yozefa alikuwa ameinama begani kwake kutazama, ingawa hakuwa na miwani. Nilichukua karatasi. Nililikata neno lile, nikaandika juu yake jina langu, na la baba yangu, na mji niliotoka, na kazi niliyokuwa nikifanya mwaka ule, asije akadhaniwa Zuhura mwingine.